Mafundi wa Tabora: picha ya simu inatosha, au tudai mchoro wa sura tatu?

Fundi Cheyo: Mwangaluka wote. Mteja anakuja karakana na simu, anakuonyesha kabati: "Nitengenezee hili kwa mninga." Picha inapendeza, lakini ni perspektivu, mguu wa nyuma unaonekana mfupi kwa sababu uko mbali na jicho. Utaupima vipi? Msimamo wangu: bila sura ya mbele, ya juu na ya ubavuni, zenye vipimo, ubao usikatwe. Mninga ukikosewa ni kuni.

Seremala wa Ng'ambo: Kaka, unataka tufunge karakana? Wengi tumejifunza kwa kushika msumeno. Sura tatu mbalimbali kuziunganisha kichwani ni shughuli. Isometriki, mchoro mmoja unaoonyesha pande tatu kwa pamoja, inatosha: mistari ya kitako unailaza nyuzi 30 kulia na kushoto, vipimo unaandika vyenyewe, na mteja anaelewa hapo hapo.

Fundi Cheyo: Inasomeka, sikatai. Ila pembe zake ni za uongo. Kona ya nyuzi 90 inaonekana 120 au 60, duara linakuwa yai. Kijana wangu aliweka protrakta juu ya karatasi, akakata kona ya meza kwa nyuzi 120. Nilicheka, halafu nikanunua ubao mwingine.

Mwalimu wa Ufundi: Mmesahau mchoro mshazari, ule unaoitwa "wa kabati" kabisa! Uso wa mbele unachorwa kama ulivyo. Kina kinarudi nyuma, kwa kawaida nyuzi 45, kwa nusu ya urefu wake. Ukikichora kizima, kabati linageuka behewa la treni. Na wewe Cheyo, sura tatu nazo zina mtego. Wamarekani huweka sura ya ubavu wa kulia upande wa kulia wa karatasi. Mtindo wa Ulaya, niliofundishwa mimi, huiweka kushoto. Nilishachonga meza ya ofisi kwa mchoro wa mtandaoni, tundu la waya likatokea ubavu usio wake. Alama ya koni iliyokatwa, inayoonyesha ni mtindo upi umetumika, ilikuwepo pale chini, sikuitazama.

Fundi Cheyo: Shikamoo Mwalimu, hapo umenipata. Lakini koni ingekuokoa. Picha ya simu haina hata koni.

Mteja tu: Samahani wakubwa. Huo mchoro wa sura tatu anaulipia nani? Mwezi uliopita fundi alinidai hela ya kuchora kabla hata ya kununua mbao, nikaondoka.

Seremala wa Ng'ambo: Akaja kwangu na simu yake 😂