Naomba ushauri: dawa ya majaribio ya kusukutua mdomo na ya kuweka ukeni

Mchuuzi Mwaloni: Wakuu habari za leo. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Kuna watu wanatafuta wanawake wa kujaribu dawa mpya ya kuua vijidudu. Unaisukutua mdomoni, na hiyo hiyo unaiweka ukeni. Wanatoa nauli na posho. Wanasema ni kemikali ya jamii ya sabuni, haina madhara. Niingie au niache? Sina amani.

Bugarika: Dada, hela ya bure haipo. Mimi nilipewa mafuta ya nywele ya majaribio pale Igoma, kichwa kikawasha mpaka nikanyoa.

Mzee wa Nyakato: Mabinti wa siku hizi! Mama zetu walioga maji ya ziwa tu na walizaa.

Nesi Kanda ya Ziwa: Mzee, hajauliza habari za kuoga. Mleta mada, kemikali hizo huua kirusi kwa kupasua utando wake, na seli za ukeni nazo zina utando. Nonoxynol-9, mojawapo ya kemikali hizo, iliua VVU vizuri maabara, lakini matokeo yaliyotangazwa Durban mwaka 2000 yalionyesha waliotumia jeli yake waliambukizwa zaidi ya wenzao wa jeli ya kulinganishia. Baadaye ikaja C31G, nayo ya jamii hiyo hiyo. Ghana utafiti wake ulisimamishwa, maambukizi yalikuwa machache mno kuonyesha kama inakinga. Sipondi tafiti, wanawake waliojitolea ndio waliotufundisha haya. Una mimba? Unanyonyesha?

Mchuuzi Mwaloni: Mbona maswali mengi, nesi. Niko vizuri.

Nesi Kanda ya Ziwa: Siku zako ulizipata lini?

Mchuuzi Mwaloni: Zimechelewa. Hawakuuliza, nami sikuona sababu ya kusema. Posho ya kwanza nimeshalipia ada ya mtoto, na dawa nimeshaanza. Wenzangu wanatumia, hakuna aliyeumwa. Ningefanyaje na biashara ilivyolala?

Kokoto la Bwiru: Hii chai. Jeli ya PRO 2000, ya kuweka ukeni kukinga VVU, ilijaribiwa hapa hapa Mwanza, majibu yakatoka Desemba 2009 kwamba haikingi. Shangazi yangu alikuwemo, walikuwa wanampima mimba kwa mkojo. Utafiti gani haupimi mimba? Weka picha ya fomu uliyosaini.

Bugarika: Hata mimi nasikia harufu ya tangawizi.

Mchuuzi Mwaloni: Sijatunga. Fomu sina, sikusaini kitu. Nilipewa chupa na namba ya simu. Chupa yenyewe haina hata jina.

Kokoto la Bwiru: Dada, basi huo si utafiti.

Nesi Kanda ya Ziwa: Ndiyo maana nauliza sana. Majaribio halali ya dawa nchini yana kibali cha maadili kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Unasomewa fomu ya ridhaa kwa lugha unayoielewa, unabaki na nakala, na unaruhusiwa kujitoa wakati wowote bila kudaiwa. Acha kuitumia leo, mdomoni na ukeni. Nenda kliniki na hiyo chupa, upimwe mimba na VVU, uwaambie kila kitu.

Mzee wa Nyakato: Na mumewe ajulishwe.

Mchuuzi Mwaloni: Mzee, mume hayupo. Nesi, wakija kudai posho yao?

Nesi Kanda ya Ziwa: Huna deni nao. Chupa usiwarudishie, TMDA wana ofisi ya kanda hapa Mwanza, wataihitaji. Waambie na wenzako waache.

Mchuuzi Mwaloni: Kesho napokea mzigo. Nitaenda keshokutwa.

Kokoto la Bwiru: Mzigo nitakupokelea mimi, niko jirani na Kirumba. Nenda kesho asubuhi.