Sabuni ya kunyolea ya udi na sandali: nijaribu ama niwache?

ndevu_za_kibokoni:
Asalaam alaykum na habari zenu wote. Naomba ushauri kwa wale wanaonyoa kwa brashi na wembe. Shemeji yangu alie Uingereza kaniletea kikebe cha sabuni ya kunyolea, hizi zinazopikwa kwa mkono na watu wadogo wadogo si za kiwandani, imeandikwa udi, sandali na bergamoti, na wallahi yanukia mpaka mke wangu kaichukua kaitia kwa kabati la nguo nimeitoa kwa ugomvi. Sasa mimi ndevu naziacha, nanyoa shingo na mashavu tu, na miaka yote natumia shaver za plastiki za kutupa na foam ya mkebe, shingoni vipele haviishi, vyawasha, vyengine vina usaha. Mashine ya chuma ya kutia wembe ninayo na brashi pia, zote bado ziko kwa boksi. Nauliza, harufu yote hii haitanichoma? Na jana niliikoroga kwa bakuli kuona tu, povu likaja kidogo likafa papo hapo, umebaki utando mweupe pembeni. Sabuni mbovu ama?

Baharia Mstaafu:
Maji gani hayo ulotumia?

ndevu_za_kibokoni:
Ya kisima cha nyumba. Bomba hapa kwetu laja likitaka.

Baharia Mstaafu:
Basi ushapata jibu, sabuni haina kosa. Maji ya kisima yana kalsiamu na magnesiamu, zikikutana na sabuni zashikana ndio huo utando mweupe, na povu halisimami hata ukoroge mpaka magharibi. Kuchemsha kwasaidia kidogo kwa aina fulani ya chokaa lakini chumvi haitoki kwa kuchemsha. Chukua maji ya chupa, ama ya mvua kama mwakinga, nusu lita yatosha na yabaki.

Rowesha brashi, ikamue iwe na unyevu tu isiwe yatiririka, izungushe juu ya sabuni kama nusu dakika, wengi hapa ndio hukosea wanachukua sabuni kidogo mno. Kisha koroga kwa bakuli ama usoni moja kwa moja ukiongeza maji tone kwa tone. Lataka liwe zito na lang'aa kama mtindi, ukiona mapovu makubwa makubwa hapo kuna hewa tu, wembe utakwaruza. Mashine usiibonyeze, iachie uzito wake wenyewe, iinamishe kama nyuzi 30 hivi. Mtindo wa hio mashine ni wa King C. Gillette, Mmarekani alopata hati yake 1904, na mpaka leo wembe wa duka la mtaani waingia vizuri tu. Na maji ya moto usisumbuke nayo, kwa joto la huku ya baridi yafaa.

Mtu wa Kisauni:
Mambo ya kizungu haya. Nenda kwa kinyozi akupitishe mashine ya umeme, umalize, pesa ya sabuni kula biriani.

Binti Makadara:
Mtu wa Kisauni kwa vipele hajakosea sana, mashine ya umeme inayoacha nywele kidogo ni katika dawa zenyewe. Lakini kaka kauliza sabuni.

Mimi niko duka la dawa, hili la shingo naliona kila wiki. Nywele zetu zimejikunja, ukizikata chini sana ncha yapinda yarudi ndani ya ngozi, mwili wapigana nayo kama mwiba, ndio kipele. Shaver zenye nyembe mbili tatu zavuta unywele kwanza kisha zaukata, wabaki chini ya ngozi kabisa. Kwa hivyo wembe mmoja waweza kukufaa, lakini kwa masharti: nyoa kufuata nywele zilikolala (shingoni mara nyingi zalala ubavu, pitisha kidole uone), usivute ngozi, usirudie kinyume ukitafuta ulaini. Ukitaka ulaini wa kitoto vipele vitarudi, sabuni yoyote ile. Na vile vya usaha usivinyoe sasa hivi, wacha vipoe, na vikikataa ama ukiona kovu lavimba mwone daktari wa ngozi mapema, shingo zetu hazichelewi kufanya makovu makubwa.

Harufu: manukato ni katika vitu vinavyoongoza kuleta mzio wa ngozi, na usidanganywe na neno asilia, mafuta ya karafuu na mdalasini ni asilia na yachoma. Paka povu kidogo ndani ya kiwiko, suuza, rudia siku mbili tatu. Pakiwa shwari nenda shavuni, shingo iwe mwisho.

ustadh mdogo:
Kabla ya yote soma maandishi ya chini ya kikebe. Ukiona tallow hayo ni mafuta ya mnyama, mara nyingi ng'ombe, na hujui kachinjwa vipi, ukiona lard ni nguruwe moja kwa moja. Na brashi pia! Boar ni nywele za nguruwe, watu wananunua bila kujua. Synthetic ni plastiki haina neno. Kwa tallow muulize shekhe wako, msije mkabishana na mimi hapa.

ndevu_za_kibokoni:
Nimesoma, mafuta ya nazi na shea na stearic acid. Brashi imeandikwa synthetic. Alhamdulillah.

ustadh mdogo:
Hio stearic yaweza kuwa ya mawese ama ya mnyama, mwambie shemeji awaulize wapishi wenyewe, hawa wadogo hujibu.

Chumvi Kali:
Udi kwa sabuni za wenzetu mara nyingi ni wa maabara, usitarajie ule wa chetezo 😂 wenyewe wanukia ngozi na moshi kidogo. Na Ijumaa ukinyolea hio kisha ujipake halud juu yake, safu ya mbele watakukimbia, chagua moja.

La maana: tafuta shabu (lile jiwe la alum), kipande, wauza dawa za kiasili pale Marikiti wanacho. Ukimaliza kunyoa irowe, pitisha shingoni, ngoja kidogo, suuza. Pale ulipobonyeza mashine patakuambia penyewe kwa kuwasha. Hizo afta-shevu za spiriti ziache.

Sabuni usiifunike ikiwa mbichi. Sabuni hizi zina gliserini, yavuta unyevu wa hewa, na unyevu wa huku waujua, utakuta yatoa jasho juu, hilo si kuharibika. Lakini ukiifungia bafuni na maji yaota ukungu. Iache wazi chumbani ikauke ndio ufunike, brashi pia iinike manyoya chini.

ndevu_za_kibokoni:
Nimerudi. Kiwiko hakikusema kitu, shavu hakikusema kitu. Maji ya chupa povu limesimama, tena sabuni kidogo tu, nilishangaa. Shingo nimepitisha mara moja kufuata nywele, si laini, ukipitisha mkono wakwaruza, lakini haiwashi. Vipele vya zamani viko, vipya sijaona bado. Harufu ukishasuuza haibaki sana, hapo nimesikitika kidogo. Wembe mmoja nitumie mpaka lini?

Baharia Mstaafu:
Kwa shingo na mashavu tu mara tatu nne, ukianza kuvuta nywele utoe hata kama ni wa jana. Usitupe wazi kwa taka, wale vijana wa kuzoa hutia mkono. Toboa mkebe wa maziwa mwanya mwembamba juu, uwe watumbukiza humo.

Mtu wa Kisauni:
Hio shabu kipande ni pesa ngapi?