Mhadhiri kaondoka, folda ikaondoka naye. Chuo kitumie nini kuhifadhi mafaili?

mwl_igoma

Mwangaluka wakuu. Niko Mwanza, nafundisha chuoni, idara yetu ina walimu 14 na wanafunzi wa uzamili kama 40 hivi. Mkuu wa idara kanipa kazi nilete pendekezo tutumie mfumo gani wa kuhifadhi mafaili na kuandika pamoja, nikaona kabla sijaandika chochote nisikie waliopita huko, maana hili jambo limetuumiza.

Iko hivi. Tulikuwa na mradi wa dagaa, miaka mitatu vijana wanashinda mialoni, wengine wanavuka mpaka Ukerewe, wanapima mzigo wa boti zikirudi asubuhi, wanahesabu usiku wa giza na ule wa mbalamwezi ambao wavuvi hawatoki, wanapiga picha vichanja vya kuanikia, wanajaza ekseli. Vyote vikaingia kwenye folda moja aliyoifungua mhadhiri mwenzetu kwa akaunti yake ya chuo akatushea wote. Mkataba wake ukaisha akahamia kwingine, akaunti ikafutwa kama utaratibu ulivyo. Tumekuja kugundua baada ya kama miezi miwili, mwanafunzi wa masters anafungua linki apate data za sura ya nne anaambiwa faili halipo. Hakuna aliyefanya kwa ubaya kabisa. Tumeokotaokota kwenye fleshi, kwenye imeili, kwenye magrupu ya WhatsApp, mwaka mmoja tumeupata karibu wote ila miwili ni vipande vipande, na yule binti ikabidi abadilishe swali la utafiti wake wakati alishaandika sura tatu. Bado inaniuma.

Sasa mezani kuna Google, kuna Microsoft, mmoja anataka tununue seva yetu tuweke Nextcloud, ile programu ya kuhifadhi mafaili kwenye mashine yenu wenyewe, na wengine wanasema kila mtu abaki na Gmail yake ya GB 15 tusisumbuane. Mchana mtandao wa chuo unakuwa mzito, umeme unakatika, na vijana wakiwa fildi ni bando zao. Nyie mngechagua nini?

fundi_tehama

Pole sana mwalimu. Nipo kitengo cha TEHAMA kwenye chuo kingine kanda hii hii, na hiyo stori yenu nimeiona zaidi ya mara moja. Naomba kabla hujalinganisha Google na Microsoft uulize kwanza faili ni mali ya nani ndani ya mfumo, hapo ndipo mlipoumia. Folda ya mtu hata akiishea kwa watu mia bado ni ya kwake, akaunti ikifutwa nayo inaondoka. Google akaunti iliyofutwa admini anaweza kuirudisha ndani ya siku 20, Microsoft kwa kawaida ni siku 30, nyie mmekuja baada ya miezi miwili kwahiyo mlango ulishafungwa.

Dawa yake ipo kwenye mifumo yote miwili ila watu wengi hawaijui. Upande wa Google mnafungua draivu ya pamoja (shared drive), sio folda ndani ya draivu ya mtu, ile ni mali ya chuo, mtu akiingia akitoka mafaili yanabaki palepale. Upande wa Microsoft msiweke vitu vya idara kwenye OneDrive ya mtu, wekeni kwenye saiti ya SharePoint, ile hifadhi ya mafaili ya taasisi, au mfungue timu kwenye Teams, mafaili yake yanakaa SharePoint. Alafu kwenye draivu ya pamoja kuna ngazi za ruhusa, mwanafunzi mpe ngazi ya kuongeza na kuhariri ambayo haimruhusu kufuta wala kuhamisha, mameneja wawe wawili au watatu, asiwe mmoja kamwe.

Lingine ni nafasi. Watu bado wanadhani vyuo vina nafasi bila kikomo, hiyo ilishaisha. Google walitangaza 2021 na kuanzia Julai 2022 ikashika hata vyuo vya zamani, toleo la bure ni TB 100 kwa chuo kizima. Microsoft nao 2024 wakaweka TB 100 za pamoja kwa chuo, na leseni ya bure ya A1 OneDrive ikashuka mpaka GB 100 kwa mtu. TB 100 unaisikia kubwa lakini chuo chenye watu 10,000 ukigawanya ni GB 10 tu kila mmoja, chini hata ya Gmail ya kawaida. Kwahiyo kaulizeni chuo kimeshatumia kiasi gani kabla hamjamwaga picha za vichanja zote.

nextcloud_kanda_ya_ziwa

Mimi ni huyo anayesema seva yenu wenyewe haha hapana sio mimi wa idara yako, ila tumeiweka kwetu na naipenda kweli. Nextcloud ni programu huria, haina leseni ya kulipia ukijihudumia, ukiunganisha na Collabora au OnlyOffice mnaandika waraka mmoja watu wengi kwa pamoja kwenye brauza. Raha yake ni kwamba seva ipo ndani ya geti, mtandao wa nje ukikatika sisi tuko ofisini tunafungua mafaili kama kawaida na video ya GB 4 inapanda kwa dakika chache maana inapita kwenye waya wa chuo tu, haiendi Ulaya na kurudi.

Ila nikwambie ukweli wote kwasababu yasije yakawakuta. Seva inataka mtu, na sio mtu wa kuiwasha tu, mtu wa kufanya apdeti, kuangalia diski, kujua bakapu ya jana imekamilika au imekwama. Sisi diski mbili zilikufa wiki moja baada ya umeme kurudi kwa nguvu, tukadhani RAID, yaani diski kadhaa zinazobebana data, itatuokoa, RAID inakusaidia diski moja ikifa lakini sio bakapu, mtu akifuta folda imefutwa kote. Kilichotuokoa ni nakala iliyokuwa jengo lingine. Tangu hapo tunashika kanuni ya nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja ikae mbali. Kama idara yenu haina mtu wa kazi hiyo kwenye ajira rasmi, msianze. Kijana wa kujitolea atamaliza chuo ataondoka na paswedi, mtarudi kulekule mlikotoka. Labda chuo kizima kiichukue, na waulizeni pia TERNET, ule mtandao wa elimu na utafiti wa Tanzania, maana kuunganisha vyuo ndo kazi yao.

yuko_nansio

Mimi ni mwanafunzi naongea kwa upande wa fildi. Chochote mtakachochagua jaribuni kwanza mkiwa na simu na bando dogo, msijaribu ofisini kwenye waifai. Data tunajaza na KoboToolbox, programu ya fomu za utafiti, fomu inakaa kwenye simu hata bila mtandao, ukifika penye mtandao inatuma yenyewe, hapo hakuna shida. Shida ni ekseli. Wawili mkiwa na faili lilelile kwenye laptopu zenu bila mtandao kila mtu akahariri, mkiunganisha mnapata nakala mbili na hamjui ipi ya kweli. Sisi tumekubaliana ekseli ghafi haiguswi na mtu, kusafisha ni faili lingine lenye tarehe kwenye jina. Na Google Docs ukitaka ufungue bila mtandao lazima uiwashe hiyo kabla hujapanda feri, ukishafika huku umechelewa.

maktaba_na_takwimu

Naomba niongeze jambo ambalo nyote mmelipita. Hizo fomu zina majina ya wavuvi na namba zao za simu? Kama zipo basi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na ina masharti ya kusafirisha taarifa za watu kwenda nje ya nchi. Google na Microsoft seva zao ziko nje. Sisemi msitumie, nasema yale majina yatengwe, mvuvi apewe namba tu, na lile faili la kuoanisha namba na majina likae peke yake limefungwa kwa Cryptomator au VeraCrypt, programu za kufunga mafaili kwa paswedi, zote ni za bure kwenye kompyuta. Na kwenye WhatsApp yasipite kabisa. Mvuvi alikubali kuongea na kijana wenu pale mwaloni, hakukubali namba yake izunguke kwenye magrupu.

Na mradi ukiisha, data zilizosafishwa zisizo na majina pelekeni Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ya data za utafiti, inaendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, mnapata GB 50 kwa kila rekodi bure na DOI, namba ya kudumu ya kunukuu. Zikifika huko hazitegemei tena akaunti ya mtu.

mwl_igoma

Asanteni sana wakuu, nimesoma mara mbili. Nimewapigia TEHAMA wetu asubuhi hii, kumbe chuo tayari kina Google ya elimu na draivu za pamoja zinaruhusiwa, ni kwamba hakuna aliyewahi kuomba. Kwahiyo napendekeza hiyo kwa kazi za kila siku, seva tunaacha mpaka chuo kiajiri mtu. Dada wa maktaba majina yapo na namba zipo, nashukuru umenishtua, wiki hii nakaa na vijana tuyatoe.

Kuna walimu wawili mikataba yao inaisha Septemba. Leo mchana napita ofisi kwa ofisi na daftari naandika kila folda ya mradi iko kwenye akaunti ya nani, hao wawili ndo naanza nao.

fundi_tehama

Hapo sawa. Wakati wa kuhamisha, uhamishaji ufanywe na mwenye faili mwenyewe angali yupo, msipakue na kupakia upya maana historia ya matoleo na maoni yote yatapotea. Folda zikikataa kuhama nistue PM, admini anaweza kusaidia.