Mjadala: Papa asipotangaza dogma, Mkatoliki yuko huru kumkatalia?

MLETA MADA

Wakuu, salaam. Kila Papa anapotoa andiko jipya, ubishi unakuwa ule ule. Hawa wanasema, "Roma imeshasema, mjadala umefungwa." Wale wanajibu, "Hiyo si dogma (fundisho la imani lililotangazwa rasmi, lisilobadilika), ni maoni yake tu." Kwa mtazamo wangu, pande zote mbili zinakagua bahasha bila kusoma barua: zinaangalia aina ya hati, si kilichomo. Naleta hoja, ipondeni.

Tuanze na katiba ya kitume, aina ya hati ya Papa ambayo wengi huiweka juu kabisa. Mwaka 1950 Pio XII aliitumia, katika Munificentissimus Deus, kutangaza kwamba Bikira Maria alipalizwa mbinguni mwili na roho. Hiyo ni dogma. Mwaka 2022 Papa Fransisko naye akatoa katiba ya kitume, Praedicate Evangelium. Inahusu nini? Muundo wa ofisi za Vatikano: ipi inafanya kazi gani, na nani anaweza kuiongoza. Imefuta Pastor Bonus ya Yohane Paulo II ya 1988, na Papa mwingine akiamua ataifuta hii pia. Dogma haifutwi hivyo.

Geuza upande wa pili. Ordinatio Sacerdotalis ya Yohane Paulo II, ya 1994, ni barua ya kitume yenye vifungu vinne tu. Inasema Kanisa halina mamlaka yoyote ya kuwapa wanawake daraja ya upadri, na kwamba waamini wote washike hilo kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Laudato Si' ya Papa Fransisko, ya 2015, ni ensiklika (waraka mkubwa wa mafundisho wa Papa) kuhusu mazingira, ina namba 246, na namba ya 55 inalalamikia matumizi ya viyoyozi. Je, suala la viyoyozi limelizidi uzito suala la upadri kwa kuwa ensiklika huhesabiwa juu ya barua?

Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Vatikano II, katika hati yake Lumen Gentium namba 25, ulitaja vitu vya kuangalia: aina ya hati, fundisho limerudiwa mara ngapi, na Papa amelisema kwa namna gani. Watu wengi wanaishia kwenye aina ya hati.

Na ninyi wa "si dogma", namba hiyo hiyo inadai utii wa kidini wa akili na utashi hata pale Papa asipotumia mamlaka yake ya kutokukosea, yaani ya kutangaza fundisho la imani au maadili bila uwezekano wa kukosea. Kanuni ya 752 ya Sheria za Kanisa imelirudia. Mtaguso wa Vatikano I ulitangaza fundisho la kutokukosea mwaka 1870, na tangu hapo tangazo la namna hiyo lisilobishaniwa ni lile la 1950 peke yake. Kama dogma tu ndiyo inayotufunga, basi kwa zaidi ya miaka 150 mapapa wametufundisha jambo moja!

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, unaidharau mno aina ya hati. Soma Humani Generis ya Pio XII, 1950 hiyo hiyo: anakataa kabisa hoja kwamba ensiklika hazidai kukubaliwa eti kwa sababu Papa hakutumia mamlaka yake ya juu kabisa. Papa akitoa hukumu kwa makusudi juu ya jambo lililokuwa linabishaniwa, anasema, halibaki tena mikononi mwa wabishi.

MCHANGIAJI WA PILI

Akili haitii amri kama askari wa gwaride. Humanae Vitae, ensiklika ya Paulo VI iliyokataza uzazi wa mpango kwa njia zisizo za asili, ilipotoka mwaka 1968, Monsinyori Lambruschini aliyeiwasilisha kwa waandishi wa habari alisema wazi kwamba si tamko la kutokukosea. Mwaka huo huo maaskofu wa Kanada walikutana Winnipeg wakaandika kwamba Wakatoliki wanaoshindwa kukubali baadhi ya mambo ndani yake wasihesabiwe, wala wasijihesabu, kuwa wametengwa na waamini. Maaskofu wale walikuwa waasi?

Hata hiyo barua yako ya vifungu vinne, neno la kutokukosea halimo. Lilikuja 1995, tena kutoka ofisi ya mafundisho ya Vatikano, siyo kwa Papa mwenyewe. Kanuni ya 749 inasema hakuna fundisho la kuhesabiwa limetangazwa bila kukosea kama jambo hilo haliko wazi. Lingekuwa wazi, ofisi ingehitaji kulifafanua?

MLETA MADA

Wa kwanza, umenisaidia. "Akitoa hukumu kwa makusudi" ni namna ya kusema, na hukumu hiyo inaweza kuwemo ndani ya barua fupi kama ilivyokuwa 1994.

Wa pili, hoja yako ina meno. Ila ofisi ile haikusema kwamba Papa alitangaza dogma mpya. Ilisema fundisho lenyewe limeshikwa na maaskofu wote pamoja na Papa tangu mwanzo, na barua inathibitisha hilo. Kwa hiyo kanuni ya 749 inaigusa kwa pembeni tu. Kuhusu Winnipeg, tutofautishe mtu aliyesoma, akasali, akashindwa kukubali, na mtu anayeendesha kampeni hadharani. Donum Veritatis ya 1990, hati ya ofisi hiyo hiyo ya mafundisho, inamvumilia wa kwanza, haimvumilii wa pili.

Kinachonisumbua mimi ni kingine. Amoris Laetitia ya 2016, kuhusu ndoa na familia, ni wosia wa kitume, aina nyingine ya hati ya Papa, na katika namba ya 3 Papa Fransisko mwenyewe anasema si kila mjadala lazima umalizwe na mamlaka fundishi, yaani mamlaka ya Kanisa ya kufundisha. Halafu tanbihi ya 351 ikazua ugomvi kuhusu sakramenti kwa waliotalikiana wakaoa tena. Papa akawaandikia maaskofu wa kanda ya Buenos Aires barua ya kuwaunga mkono kwa jinsi walivyoielewa, kwamba katika hali fulani watu hao wanaweza kupewa sakramenti. Barua ile baadaye ikachapishwa katika Acta Apostolicae Sedis, gazeti rasmi la Vatikano, pamoja na maelezo kwamba ni mafundisho halisi ya Kanisa.

Sasa ninyi wa ngazi za hati, hiyo mnaiweka ngazi ya ngapi? Na ninyi wa "ni maoni yake tu", bado ni maoni?