Siku ya 23 simu yangu iko kituoni, karatasi sikupewa, na kuna mtu anasoma meseji zangu

Wakuu, natumia simu ya shemeji kwa sababu yangu bado imeshikiliwa. Sijashtakiwa kwa lolote. Mimi ni wakala wa pesa. Mtu mmoja aliyetolea hela kwangu anatuhumiwa kwa utapeli wa mtandaoni, basi wapelelezi wawili wakaja kibandani wakabeba simu ya kazi pamoja na yangu binafsi. Ya kazi naelewa, miamala imo humo. Hii nyingine inahusu nini?

"Weka patani." Nikaweka, kwa woga. Afande akaanza kupekua picha palepale nimesimama mbele yake: mke wangu yuko wodini na kichanga, vyeti vya hospitali vya mama. Anasogeza kidole taratibu, picha baada ya picha. Nikamwambia, afande, naomba basi orodha ya mnavyochukua. Akajibu: "Simu si umeona tumechukua? Orodha ya nini?"

Orodha inatakiwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ya hapa kwetu Tanzania, kifungu cha 31! Kifungu hicho kimewapa mamlaka makubwa mno. Mkuu wa kituo akiridhika kwamba kuna sababu za msingi za kuamini kifaa kinaweza kuwa ushahidi, anatoa amri yeye mwenyewe, watu wake wanaingia, wanapekua, wanachukua. Hakimu hayumo. Wenzetu Kenya, kwa sheria yao ya 2018, mpelelezi anakwenda kuomba kibali mahakamani. Kwetu anayechunguza na anayeruhusu wako jengo moja. Mwananchi kaachiwa kitu kidogo tu: anayechukua aandike orodha, aweke tarehe na saa, akupe nakala. Hicho kidogo nacho wametunyima. Amri sikuoneshwa, orodha sikupewa. Kesho wakisema simu hiyo hawaijui, nitashika nini mkononi?

Lakini kilichonitoa usingizini ni hiki. Juzi dada yangu kapiga kwa simu ya mke wangu, analia, ananiuliza kwa nini nasoma meseji zake sijibu. Ametuma mambo mazito, ya shamba la marehemu baba na ndugu waliogombana. Tiki zimegeuka bluu zote. Moja imesomwa saa 5 usiku. Saa 5 usiku, wakuu! Kielelezo kinatakiwa kiwe kimefungwa kwenye bahasha, kimeandikwa kwenye daftari la vielelezo. Nani alikuwa kakishika? Dada yangu kakosa nini hata siri zake zisomwe na mtu asiyemjua?

Na wanaharibu kesi yao wenyewe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, nayo ya 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama inapopima uzito wa ushahidi wa aina hii iangalie data ilitunzwaje na kama haikuguswa. Wakili wa mtuhumiwa akiuliza nani alifungua simu usiku ule, watamjibu nini? Kuna mama kalizwa akiba yake yote kwenye kesi hii. Nilimkuta kituoni, kakaa benchi moja na mimi, anasubiri.

Wanasheria mliomo humu, Jumatatu napeleka barua ya kudai orodha, nakala ya amri na simu yangu. Niielekeze kwa mkuu wa kituo, au nipande moja kwa moja kwa OC-CID, yaani mkuu wa upelelezi wa wilaya?