Ushauri: Land Rover 109 ya marehemu Mzee, niifufue au niuze? Nipo Tabora

MkaziWaCheyo:
Wakuu, heshima kwenu.

Mzee wetu alitangulia mbele za haki mwezi Machi. Ameacha nyumba hapa Cheyo, mizinga ya nyuki huko Sikonge, na Land Rover 109 ya mwaka 1979, Series III ya dizeli, ambayo ina miaka sita imesimama chini ya mwembe. Kuku wanatagia siti ya nyuma.

Nyumba na mizinga havina maneno. Maneno yapo kwenye gari.

Kaka mkubwa yupo Dodoma, anasema iuzwe kama ilivyo tugawane. Alikuja mtu kutoka Arusha, akaizunguka mara mbili, akapiga picha chini ya boneti, akataja milioni 7. Alipoona nimenyamaza akaongeza laki tano mwenyewe, sijamwomba. Tangu hapo nimekuwa na wasiwasi. Mama naye hataki kusikia habari ya kuuza. Anasema gari hiyo ndiyo iliyomfikisha hospitali ya Kitete usiku niliozaliwa, masika, barabara imegeuka uji. Fundi wetu wa siku zote anashauri tung'oe injini tuweke TD27 ya Nissan, wiki mbili inatembea.

Mimi nataka kitu cha kutolea asali porini, basi. Ila kinachonikwamisha ni kwamba nasikia Waingereza wenyewe waliiuza kampuni kwa Wahindi, na hii Defender mpya haina hata boliti inayoingiliana na ya kwetu. Sasa si nitakuwa nazika hela kwenye marehemu wa pili?

Nawasilisha.

Spana17:
Uzi wa gari bila picha? Ngoja waje wataalamu, mimi nimekaa pale nasoma.

Mkonga_79:
Uza mkuu, tena leo. Ongeza hela utafute mkonga, yaani Land Cruiser, hata wa miaka ya 90. Kuna sababu mashirika na serikali walihama kutoka Land Rover kwenda Land Cruiser, hawakuwa wajinga. Spea kila duka, kila fundi anaijua. Mapenzi ya gari la marehemu hayabebi asali.

BabuWaMaboksi:
Mwanangu, pole na msiba. Hapo kwenye kampuni kufa nikuweke sawa, maana watu wanachanganya Rover na Land Rover.

Rover walikuwa watengenezaji wa magari ya waheshimiwa. Vita Kuu ya Pili imeisha, chuma Uingereza ni cha mgao, serikali inataka bidhaa za kuuza nje ilete dola. Wakabuni kigari cha shamba cha kuwavusha kipindi kigumu, wakakionyesha Amsterdam mwaka 1948. Bodi wakaifanya ya alumini kwa sababu chuma hakipatikani. Chukua sumaku uiweke kwenye bodi ya gari yenu ubavuni, haishiki. Hicho kibarua cha muda ndicho kilichokuja kuilisha nyumba nzima.

Mwaka 1968 likaundwa shirika la British Leyland: Austin, Morris, Triumph, Jaguar, Rover, malori ya Leyland, wote chungu kimoja. Magari ya baba mmoja yakawa yanagombea mteja mmoja. Migomo haiishi, ubora unashuka, 1975 serikali ikalichukua. Hela iliyoletwa na Land Rover ikawa inaziba matobo ya magari madogo badala ya kuiboresha yenyewe, na Toyota wakati huo wako Afrika na Australia wanauliza wateja nini kinavunjika. Hapo nakubaliana na huyo wa mkonga.

Baada ya hapo ni kupokezana. British Aerospace 1988. BMW 1994. Mwaka 2000 BMW wakaivunja familia: Land Rover ikaenda kwa Ford, Rover yenyewe ikauzwa paundi 10. Sijakosea sifuri, ni paundi kumi. Aprili 2005 ikafilisika pale kiwandani kwake Longbridge, maelfu ya watu wakarudi nyumbani, na jina la MG, chapa yao nyingine, likachukuliwa na Wachina. Land Rover ikanunuliwa na Tata wa India mwaka 2008. Defender ya umbo la zamani, mdogo wake huyo wa kwenu, ya mwisho ilitoka kiwanda cha Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Mpya inatengenezwa Slovakia, mji wa Nitra. Kwa hiyo marehemu ni Rover. Land Rover yuko hai, kaolewa mara nne tu.

Na jina langu msilicheke. Miaka ya 80 nilikuwa kibarua kiwanda cha kuunganisha malori huko Pwani. Lori lilikuja na meli likiwa kwenye maboksi, sisi tunafungua, tunafunga, tunapaka rangi, linatoka getini linaitwa la Tanzania. Fedha za kigeni zilipokauka maboksi yakakoma. Asubuhi tunaripoti kazini tunafagia sakafu, mchana tunaifagia tena. Milango ya biashara ilipofunguliwa, magari yaliyotumika ya Japani yakaingia, nani tena angesubiri letu? Shirika la Nyumbu pale Kibaha, chini ya jeshi, walichagua njia ngumu ya kutengeneza lori lenyewe, na lilitembea. Lakini gari moja kutembea ni kitu kingine na gari la elfu moja ni kitu kingine. La elfu moja linataka kiwanda cha boliti jirani, cha kioo, cha betri. Matairi tulikuwa nayo, General Tyre ya Arusha, nayo ikazima. Leo Kibaha wanaunganisha tena malori ya Kichina. Nikipita na basi huwa natoa kichwa dirishani kuangalia kama maboksi bado yanakuja.

MbeguYaKaranga:
Nje ya mada kidogo, mtanisamehe, mimi ni wa Urambo. Miaka hiyohiyo Land Rover inazaliwa, Waingereza walikuwa kwetu na ule mradi wao wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Trekta hazitoshi, wakachukua hadi vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani wakavigeuza matrekta. Karanga ziligoma, wakafunga virago 1951, kwetu ikabaki tumbaku. Basi nikiona Land Rover kuukuu naona jamaa aliyenusurika kwenye ile safari.

FundiNgambo:
Mwangaluka mkuu. Babu kaeleza vizuri, mimi nirudi kwenye spana.

Kabla shilingi haijatoka mfukoni, tafuta nyundo ndogo, ulale chini ya gari. Gonga chesisi, ile fremu ya chini, kuanzia mbele hadi boriti ya nyuma pale pa kufungia tela. Ikilia ngii, endelea. Ikilia kama unagonga boga, tia alama ya chaki. Alama zikizidi tano au sita, msikilize kaka yako. Alumini haili kutu lakini chesisi ni chuma, na Land Rover nyingi hufia chini huku juu zinapendeza. Angalia pia ule ukuta kati ya injini na abiria, pembe za chini karibu na miguu ya dereva. Huko maji hukaa.

TD27 sina ugomvi nayo. Ila ina nguvu kuliko hiyo injini yenu ya lita 2.25, na hafu shafti za nyuma, vile vyuma vya kuzungusha magurudumu, kwenye Series nyingi ni nyembamba. Kijana akikanyaga moto kwenye mchanga wa Sikonge na ngoma nne za asali nyuma, mtasikia "tak", gari inanguruma haiendi. Halafu kuna adapta ya kukutana na gia boksi, kuchomelea vishikio vipya, propela kufupishwa. Hizo wiki mbili za fundi wako ni za mdomoni, na mimi ni fundi, najua tunavyohesabu wiki.

Injini ya zamani usiistue kwa kuburuta gari. Toa nozeli zote, mimina oili kidogo kila silinda, iache siku mbili, kisha uizungushe kwa mkono. Hendeli yake ipo? Mwaga dizeli yote ya zamani, osha tanki. Ikizunguka, una gari. Spea za Series viwanda vya pembeni bado vinatoa, kwa hiyo Tata wala hawakuhusu.

Na yule wa Arusha hakuja kilomita zote hizo kufuata chuma chakavu. Futa tope kwenye kishikio cha springi ya mbele kulia, piga brashi ya waya. Namba ya chesisi imegongwa hapo. Ikilingana na ya kwenye kadi, kuna watu nje wanazitafuta. Marekani gari likifikisha miaka 25 linaingia bila masharti ya usalama ya magari mapya. Unadhani zile picha zilikwenda wapi?

DadaWaMahakamani:
Nyote mnauza na kufungua injini ya gari la nani? Kadi ina jina la marehemu. Kaeni kikao cha ukoo, muhtasari uandikwe, mpate cheti cha kifo, mfungue mirathi Mahakama ya Mwanzo ateuliwe msimamizi. Huyo ndiye atakayesaini, awe anauza au anahamisha jina TRA. Na mkibadili injini, namba mpya iingie kwenye kadi, la sivyo siku ya ukaguzi mtaongea sana barabarani. Mama aulizwe kwenye kikao, asije kuambiwa baadaye.

Mkonga_79:
Bado nasema uza. Lakini si kwa milioni 7.

MkaziWaCheyo:
Wakuu nimerudi. Kaka alipanda basi la usiku, kikao kimekaa Jumamosi, yeye ndiye aliyependekezwa kuwa msimamizi, mirathi inafunguliwa wiki ijayo.

Jumapili tulilala chini ya gari wote wawili na nyundo. Alama za chaki tatu, zote boriti ya nyuma. Namba ilitutoa jasho, tope la miaka lilikuwa gumu kama saruji, lakini imesomeka na inalingana na kadi herufi kwa herufi. Kaka alikaa kimya muda mrefu kidogo, kisha akauliza boriti ya kuchomelea ni bei gani.

Fundi, hendeli ipo. Tumeikuta nyuma ya siti ndani ya gunia, pamoja na hafu shafti mbili zimepakwa grisi na kuzungushiwa gazeti. Mzee alikuwa anajua anavyopakia. Mayai Mama ameyahamisha mwenyewe, kumi na moja.

Nozeli tumetoa, oili tumemimina. Leo jioni nimeizungusha, imekwenda robo ikagoma. Nimeongeza oili, nitajaribu tena kesho. Mtu wa Arusha kapiga simu mara mbili, sijapokea.

Mwenye gasketi ya hedi ya dizeli 2.25, iwe Tabora au Mwanza, aje PM.