Naomba ushauri: htop niipange vipi kabla ya kuwaachia vijana seva?

Wakuu, habari za leo, na wakubwa shikamooni. Natunza seva ya Linux ya duka la jumla hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nina vijana wawili nawafundisha kazi, na wikendi nikiwa nyumbani Tukuyu wao ndio wanaoiangalia kwa htop, programu inayoonyesha kila programu inatumia CPU na RAM kiasi gani.

Wiki iliyopita mmoja aliona safu ya VIRT inasoma 9G kwenye seva yenye RAM ya GB 8, akaogopa, akaizima databesi. Mauzo yakasimama saa nzima. Simlaumu. VIRT ni nafasi ambayo programu imejitengea tu, RES ndiyo inayokaliwa kweli kwenye RAM, na hilo nilipaswa kumweleza mapema.

Sasa nataka kuweka mipangilio ya kuanzia kwenye /etc/htoprc, maana htop huisoma pale mtumiaji asipokuwa na faili lake. Nitaficha thredi (vijikazi vya ndani ya programu moja) na kupanga kwa matumizi ya RAM, hapo sina shida.

Kinachoniumiza kichwa ni muda wa kujisasisha. htop huja na sekunde 1.5, na top, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, sekunde 3. Mimi naingia kwenye seva nikiwa mbali, kwa SSH kupitia simu, na mvua ikishika Tukuyu mtandao unakuwa mzito mno, hivyo nafikiria sekunde 5. Lakini programu inayopanda matumizi ya CPU kwa sekunde moja na kushuka si itamezwa kwenye wastani wa hizo sekunde 5?

Mnaotunza seva za watu wengi, mmeweka ngapi? Na VIRT niiondoe kabisa, au niiache waizoee?